Nilipolipeleka Dirisha la Kiingereza Stockholm

Nilikwenda Stockholm kwa sababu ya madirisha. Ndugu zangu wa Muheza hawakunielewa nilipowapigia simu. Mama mdogo aliuliza mara mbili kama laini inakwaruza. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, ili nao wasome.

Miaka ile, simu zetu zikiwa bado za vibonye, nilikuwa nafanya usafi katika jumba moja kubwa la mashambani huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Ni majumba yaliyojengwa na matajiri wa zamani, kila moja na bustani yake, ziwa lake na kondoo wake. Wageni walikuja kwa mabasi. Walikuwa wameona majumba kama hayo kwenye tamthilia za televisheni, mabibi wa gauni refu wakiteremka ngazini, nao walitaka kuiona ngazi yenyewe. Walikunywa chai katika banda la zamani la farasi, wakanunua jemu, wakapiga picha, wakaondoka wamefurahi. Kila mmoja alijiona bibi wa gauni. Sikuwahi kumwona hata mmoja aliyejiona mwenye ndoo.

Mimi nililijua jumba kwa upande wa ndoo. Nilijua kwamba vumbi la kwenye fremu za picha hutolewa kwa brashi laini ya manyoya, kwa sababu kitambaa hung'oa dhahabu. Nilijua ni ubao upi wa sakafu unaolia. Baridi ilipoingia tulilifunga jumba zima: viti vinafunikwa mashuka meupe, mazulia yanakunjwa, mbao za madirisha zinafungwa ili jua lisile rangi ya mapazia. Na madirisha yote mia moja na kumi na mawili niliyafuta kwa mkono wangu.

Ndiyo maana nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Madirisha ya ukumbi mkuu, yaliyopakwa rangi mpya kila baada ya miaka michache, yalikuwa yameoza. Ukibonyeza ubao wa chini kwa kidole, kidole kinazama. Lakini kule juu darini, katika vyumba vidogo walimolala watumishi wa zamani, madirisha hayakuwa yameguswa na fundi tangu vita vya Hitler. Rangi ilikuwa imechakaa, ila mbao ilikuwa ngumu kama jiwe.

Mkandarasi alikuja, akazunguka siku moja, akaandika ripoti: madirisha yote yang'olewe, yawekwe mapya ya kiwandani. Bodi ya wadhamini ingekutana mwishoni mwa mwezi kuamua. Nilimfuata msimamizi wa jumba, Bwana Alston, mtu mwema aliyekuwa amechoka tangu nilipomfahamu.

"Ya darini hayajaoza," nilimwambia. "Njoo nikuonyeshe."

"Rehema," akasema, "mkandarasi ana shahada. Nitaiambia nini bodi, kwamba msafishaji wetu hakubaliani?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Jumapili nilimpigia Espérance. Yeye ni Mkongo wa Bukavu. Tulisoma Kiingereza darasa moja Norwich kabla hajaolewa Sweden, na tangu siku hizo tunaitana dada. Nilikuwa namlalamikia tu. Akanikatiza.

"Ma soeur, bwana yangu kazi yake njo hiyo! Iko anatengeneza madirisha ya zamani, ya bazungu. Kuja na dirisha moja. Bataiangalia."

Nilicheka. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Alston nikiomba likizo yangu ya wiki mbili na dirisha moja. Alichukua funguo zake. Kisha akanipeleka stoo ya jikoni, akafungua skrubu, akalitoa dirisha dogo la vioo vinne lililooza upande wa chini. "Chukua hili," akasema. "Kwenye ripoti limeshaandikwa limekufa."

Jumamosi alfajiri nilikuwa uwanja wa ndege wa Stansted na sanduku kubwa kuliko mimi. Ndani yake kulikuwa na nguo chache, na dirisha lililofungwa kwa kanga tatu na blanketi. Afisa wa ukaguzi alilitazama kwenye mashine, akalifungua, akafunua kanga moja moja.

"Hili ni dirisha," akasema.

"Ndiyo."

"Unalipeleka wapi?"

"Hospitali," nikamjibu. Akatabasamu, akalifunga mwenyewe, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi.

Saa nne asubuhi tulitua Skavsta, uwanja mdogo uliozungukwa na misonobari. Kutoka hapo ni basi, zaidi ya saa moja, na dirishani niliona misitu, maziwa, na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu ya udongo. Nilitazama madirisha ya kila nyumba tuliyoipita. Mengi yalikuwa meupe, yamenyooka, hayana ufa. Moyo ulianza kunidunda kwa matumaini.

Kituo cha mabasi cha Stockholm, Espérance alinikumbatia mimi na sanduku pamoja. Tulishuka chini kwenye treni ya mjini, ile laini nyekundu, hadi Fittja wanakoishi: maghorofa marefu yaliyojipanga juu ya ziwa, soko dogo karibu na kituo, msikiti wenye mnara mwembamba. Mumewe, Deo, alitupokea mlangoni, mtu mrefu mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo.

"Karibu, shemeji. Ulifika muzuri? Donc, mugonjwa iko wapi?"

Hakutaka hata ninywe maji. Tulilifungua dirisha juu ya meza ya kulia, na binti zao wawili wakaja kuchungulia. Mama yao aliwauliza kwa Kiswahili kama wamemsalimu mgeni. Mkubwa akajibu kwa Kisweden, kisha akanigeukia na kusema "Shikamoo" taratibu, kama anayevuka mto kwa mawe. Deo alitoa kisu kidogo mfukoni. Akachoma ubao wa chini: kikazama. Akachoma wa pembeni: kikagoma. Akanusa mbao. Akacheka.

"Hii mti haiyakufa, shemeji. Iko inalala tu."

Tulikula bugali na sombe, yaani kisamvu, na Espérance akanihakikishia mara tatu kwamba hakuna nguruwe ndani ya sufuria yoyote.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulipanda treni nyekundu hadi Slussen, tukabadilisha laini ya kijani kuelekea kusini, tukashuka Farsta. Karakana ilikuwa nyuma ya kituo cha maduka, katika jengo la matofali lenye harufu ya mafuta na mbao iliyorandwa. Mwenye karakana alikuwa mama wa Kisweden aitwaye Gunilla, nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja mgongoni. Tulizungumza Kiingereza. Nilimweleza habari ya vyumba vya darini, nikiwa tayari kuchekwa. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Umeliona mwenyewe hilo?"

"Ninayafuta kila wiki."

"Basi umeshaelewa nusu ya kazi yetu." Akanieleza nusu iliyobaki. Madirisha ya zamani yalichongwa kwenye kiini cha msonobari uliokua polepole, mbao iliyojaa utomvu. Wazee waliipaka rangi ya mafuta ya kitani, yanayokamuliwa kutoka mbegu za kitani, na rangi hiyo huiacha mbao ipumue. Rangi za siku hizi ni kama mfuko wa plastiki: maji yakipenya kwenye ufa hayatoki tena, na mbao huozea ndani ya nguo zake nzuri. Watumishi wa darini hawakuwa na mtu wa kuwapakia rangi mpya. Umaskini wa vyumba vyao ndio ulioyaponya madirisha.

Nikamwomba alitengeneze dirisha langu. Akakataa.

"Nikilitengeneza mimi, watasema ni ufundi wa Kisweden, hauwezekani kwao. Utalitengeneza wewe. Deo atasimama pembeni yako, mikono yake iwe mfukoni."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sijawahi kushika patasi.

Jumanne nilijifunza kulainisha puti, ule udongo unaoshikilia kioo, kwa taa ya joto, na kutoa vioo kimoja kimoja. Vilikuwa vioo vya kupulizwa kwa mdomo wa fundi zamani, vyenye mawimbi madogo. Ukitazama mti kupitia humo, mti unacheza. Nilikwangua rangi tabaka baada ya tabaka: nyeupe, krimu, kijani, nyeupe tena, na chini kabisa rangi ya kijivu ambayo kisu kiliiondoa kwa shida. Jioni mabega yaliniuma hata nikashindwa kuinua mkono kumpungia Gunilla. Nilikuwa na furaha ya ajabu.

Jumatano nikavunja kioo. Nilikuwa nakisafisha, kile cha tatu, nikakiegemeza ukingoni, kikaniponyoka. Mlio wake haukuwa mkubwa. Kioo kilichostahimili mabomu ya vita, na mimi, siku ya tatu, nimekimaliza. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kama mtoto. Niliwaza: Bwana Alston alisema kweli. Msafishaji abaki na kitambaa chake.

Gunilla hakunibembeleza. Alifagia vipande, akaviweka kwenye pipa, akasema, "Mimi cha kwanza nilivunja siku ya kwanza." Kisha akamwambia Deo neno kwa Kisweden, na Deo akavaa koti.

"Twende, shemeji. Tunaenda kwa muzee moja, Hjulsta."

Saa nane mchana tulikuwa kwenye laini ya bluu, ambayo vituo vyake vimechimbwa ndani ya mwamba, tukaenda hadi mwisho wake. Hjulsta ni maghorofa kama Fittja, na nyuma yake kuna vishamba vidogo ambavyo watu wa mjini hukodi kulima mboga. Katika kimojawapo tulimkuta Mzee Silvestre, Mrundi wa Bujumbura aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Alifanya kazi ya kubomoa majengo. Kila nyumba ya zamani ilipovunjwa, aliomba madirisha yake, akayabeba, akajijengea nayo banda la nyanya. Banda zima lilikuwa la vioo vya zamani vya kila ukubwa, na ndani yake nyanya nyekundu zilipanda hadi darini.

Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza kwa adabu huku akifuta mikono kwenye aproni.

"Kwa hiyo, mwanangu, wewe ndiye mwenye jumba?"

"Hapana, mzee. Nasafisha."

"Basi kioo nitakupa kwa moyo mmoja," akasema. "Ungekuwa mwenye jumba, ningekupa nyanya."

Alipanda ngazi, akatoa kioo kimoja cha ukutani, chenye mawimbi kama vyangu, akaziba tundu kwa gunia. Nilikipima kwa uzi. Kilikuwa kikubwa kidogo, kingekatwa.

"Litakuwa linaangalia nini hilo dirisha?" akauliza.

"Bustani. Na kondoo."

"Vizuri. Huko kilikotoka, kioo hiki kilikuwa kinaangalia reli tu." Alikifunga kwa magazeti, akanikabidhi kama anayemkabidhi mtu mtoto, na juu yake akaongeza mfuko wa nyanya. Nilimwambia asante mpaka Deo akanivuta mkono.

Siku zilizofuata sikuvunja kitu. Nilikata sehemu iliyooza, nikachonga ubao mpya wa kiini cha msonobari, nikauunga. Mara ya kwanza kiungo kilikuwa na mwanya wa kupitisha sarafu. Deo aliutazama, mikono mfukoni kama alivyoamriwa, akasema neno moja tu: "Tena." Mara ya tatu ubao uliingia kwa sauti laini, tap, na nilipopitisha ukucha juu yake sikuhisi mahali unapoanzia. Deo alitoa mikono mfukoni akapiga makofi, na mafundi wengine wakageuka.

Ijumaa niliswali katika msikiti wa Fittja, na vidole vyangu vilinuka mafuta ya kitani hata baada ya udhu. Wiki ya pili niliinywesha mbao mafuta ya moto, nikarudisha vioo, nikakandika puti, nikapaka rangi nyembamba, tabaka tatu, kila moja ikisubiri zaidi ya siku kukauka. Gunilla alilitazama dirisha kwenye mwanga, akaligeuza, akatafuta kosa. Alilipata moja, kwenye kona. Nikalirekebisha. Kisha akasema, "Hili litazidi umri wetu sote watatu."

Jumapili ya kurudi, Deo alinitengenezea sanduku bapa la mbao lenye mshikio, na Espérance akanipikia mandazi ya njiani kama vile nasafiri juma zima. Tulisimama kituo cha mabasi.

"Wakikukataa?" Espérance akauliza.

"Basi nitakuwa msafishaji anayejua kuunga mbao," nikamjibu. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Hapana. Batakukubali."

Jumanne, saa tatu asubuhi, bodi ilikutana katika maktaba ya jumba. Nilikuwa nimemwonyesha Bwana Alston dirisha siku iliyotangulia. Alilipapasa kwa kidole, akalipapasa tena, akakaa chini. Hakuniahidi kitu ila kwamba nitaitwa. Niliketi nje mlangoni katika nguo zangu za kazi, dirisha mapajani, nikisikia sauti ya mkandarasi ikisoma orodha yake. Kisha mlango ukafunguliwa.

Walikuwa watu wanane mezani, na pembeni, katika kiti chenye magurudumu alichokuwa akikisukuma mwenyewe, alikuwa bibi mwenye jumba, Bibi Cecily, ambaye wazee wake walilijenga. Nililiweka dirisha mbele yao.

"Kazi nzuri," mwenyekiti akasema. "Nani ameifanya?"

"Mimi."

Alimtazama Bwana Alston. "Lakini huyu si anayefanya usafi?"

"Ndiye," Bwana Alston akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajachoka. "Na ndiye aliyeniambia kabla ya mkandarasi. Sikumsikiliza."

Mkandarasi alisema dirisha moja la stoo si ushahidi. Nikamjibu kwamba ni kweli. Ushahidi uko darini, nani atapanda na mimi? Bibi Cecily akasema, "Mimi." Kiti hakikuweza kupanda ngazi nyembamba ya watumishi, kwa hiyo alipanda kwa miguu, mkono mmoja ukutani, mwingine begani mwangu, akipumzika kila ngazi ya tano. Bodi nzima ikafuata nyuma, na mkandarasi mwisho.

Katika chumba cha kwanza nilimpa kisu. Akachoma ubao wa dirisha. Hakikuingia. Akachoma kwa nguvu zaidi. Hakikuingia. Tulizunguka vyumba vitano vya watumishi, na kila mahali kisu kiligoma. Alisimama katikati ya chumba cha mwisho, chenye dari lililoinama na kulabu moja ya kutundikia nguo, akakitazama.

"Nimezaliwa katika nyumba hii," akasema, "na sijawahi kuingia humu."

Tuliteremka hadi ukumbi mkuu. Pale kisu kilizama mpaka kwenye mpini, nyuma ya rangi nyeupe inayong'aa. Lakini nilimwonyesha pia ubao wa juu na wa pembeni, ambazo zilikuwa bado nzima. Ni sehemu za chini tu zilizohitaji kuungwa. Mwenyekiti alimwuliza mkandarasi kama alikuwa ameyapima ya darini. Mkandarasi alifungua faili lake, akalifunga.

Saa sita mchana uamuzi ulitoka: hakuna dirisha litakalong'olewa. Nilipewa chumba katika banda la zamani la farasi kiwe karakana, na miezi miwili baadaye Deo na Gunilla walikuja kunifundisha mimi na mafundi wawili wa kijijini kazi ya madirisha ya kupandisha, yenye kamba na mawe ya uzito. Mkandarasi hakurudi. Mtu mwingine aliajiriwa kufuta vumbi, na siku yake ya kwanza nilimwambia: ukiona kitu, niambie, hata kama ni kidogo, hata kama huna uhakika.

Nimejifunza mengi katika safari ile, lakini moja ndilo ninalotaka watu wa Muheza walisikie. Majumba yale husifiwa kwa majina ya wenyewe na kwa mabibi wa gauni refu. Yamesimama kwa sababu ya watu waliojua harufu ya mbao inapoanza kuharibika, na wengi wao hakuna aliyewauliza kitu. Mimi niliulizwa kwa sababu nilikwenda mbali kujifunza jibu, na nilikwenda mbali kwa sababu watu wa Bukavu na Bujumbura walinifungulia milango ya Stockholm kwa lugha yetu.

Dirisha la kwanza tulilomaliza ukumbini lilikuwa limegandishwa na rangi miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka lilifunguka lini. Asubuhi ya kulirudisha, Bibi Cecily aliomba alifungue yeye. Aliweka vidole viwili chini ya ubao, na dirisha likapanda juu bila sauti, kama pumzi. Upepo wa bustani ukaingia, mapazia yakainuka, na wageni waliokuwa kwenye nyasi wakageuka kutazama. Alitoa kichwa nje, nywele zake nyeupe zikapeperuka, akacheka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akasogea, akapiga kiganja chake kwenye kizingiti.

"Rehema, njoo. Kuna nafasi ya wawili."

Nikatoa kichwa changu kando ya chake, na wageni wakatupungia sote wawili.